Bodi Ipo, Taasisi ya Nini? Hoja ya Tawi la Wahandisi Kahama

Waulize wahandisi wa ukanda wa dhahabu kwa nini hawajajiunga na Taasisi ya Wahandisi Tanzania, na wengi watakujibu kwa swali: Bodi ipo, taasisi ya nini? Jina liko kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, muhuri upo, ada ya mwaka imelipwa. Ada ya pili, tena kwa ajili ya mikutano ya Dar es Salaam, wanaiona hasara. Wanaosema hivyo si wavivu wala wajinga, na ndiyo maana mhadhara huu, uliotolewa Nyasubi, Kahama, unaanza na hoja yao.

Ina nguvu zake. Sheria ya kwanza ya usajili ni ya 1968, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Na. 15 ya 1997. Taasisi ilianzishwa 1975. Tanzania, basi, ilipata msajili kabla ya kupata baraza la kuzungumzia kazi. Kijana akitoka chuoni hukutana na Bodi kwanza, hupitia mafunzo yake ya vitendo, kisha huomba usajili. Si ajabu akadhani safari imeishia hapo.

Lakini Bodi inashughulika na nani anaruhusiwa kufanya kazi, na afanywe nini akikiuka maadili. Kazi ilifanyikaje, na ilishindikana wapi, hayo hayana mwenyewe. Chukua Nyangalata, hapa hapa Kahama. Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka, na katikati ya Novemba watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wengi wanakumbuka habari ya mende na vyura waliokula. Mhandisi ana maswali mengine kabisa: hewa iliwafikia kwa njia gani, mwamba ulikatikia wapi, matimba yapi, yaani magogo ya kushikilia mwamba, yalishikilia na yapi yaliachia. Au chukua mgodi wa Mwadui, ambako tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope ulibomoka na tope likavamia vijiji jirani. Migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na Geita si mbali na hapo, na kote wapo watu waliolinda mabwawa ya aina hiyo kwa miaka. Ripoti ya ukaguzi huenda kwa mwenye mgodi na serikalini. Mhandisi wa mgodi wa pili atajifunzia wapi kama si mbele ya wenzake?

Wapo wanaosema makundi ya WhatsApp yanatosha. Hayatoshi. Picha ya ufa inayotumwa asubuhi imefunikwa na salamu za pole ifikapo jioni, na miaka mitatu baadaye hakuna awezaye kuitafuta.

Historia inayojibu vizuri zaidi swali la "taasisi ya nini?" ni ya Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya Uingereza. Ilianza tarehe 2 Januari 1818 katika mkahawa wa Kendal, mtaa wa Fleet, London, kwa kikao cha vijana wachache waliochochewa na mwenzao, Henry Robinson Palmer. Hawakuwa na sheria iliyowapa meno, wala jengo, wala mkubwa wa kuwashika mkono. Miaka miwili ya kwanza walibaki kikundi kidogo. Mwaka 1820 wakamwomba Thomas Telford awe rais wao. Mtoto huyo wa mchunga kondoo wa Scotland, aliyeanza maisha kama mwashi, alikubali, akatoa vitabu vyake viwe mwanzo wa maktaba, na akasisitiza wanachama walete kazi zao kwa maandishi, zijadiliwe, na mjadala wenyewe uandikwe. Hati ya kifalme ilikuja 1828, wakati mazoea hayo yameshaota mizizi.

Kuhusu nani aingie, mtoa mhadhara ana msimamo ambao wenzake wameupinga kwa muda mrefu, na ambao haujabadilika: tawi la Taasisi linalopendekezwa Kahama lifungue mlango kwa mafundi sanifu, na hata kwa fundi wa matimba asiye na cheti, kama wanachama washiriki. Wapinzani wanasema cheo cha mhandisi kitashuka. Hofu hiyo ingekuwa ya haki kama Taasisi ndiyo ingekuwa mlinzi wa cheo. Mlinzi ni Bodi, kwa sheria, na kwa sababu hiyo Taasisi iko huru kumkaribisha kila mwenye ujuzi.

Mtoa mhadhara aliwahi kushuka kwenye duara, yaani shimo, moja la wachimbaji wadogo akifuatana na mzee wa matimba. Mzee alikuwa akigonga kila gogo kwa mgongo wa shoka na kutega sikio. Kwenye gogo moja, lililoonekana zima machoni, alisimama, akagonga tena juu na chini, akapitisha kidole pale linapokutana na mwamba. Kidole kilitoka na unga mweupe wa mti. "Injinia, hili limeshachoka," alisema. "Bado linabeba, ila halitakuaga." Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote cha mtaala, na mzee hana mahali pa kuuweka.

Tawi lenyewe halihitaji makubwa. Jioni moja kila mwezi katika ukumbi wowote wa Manispaa, kwa Kiswahili, andiko moja la kurasa chache, na katibu wa kuandika mjadala. Andiko la kwanza liwe la matimba. La pili liwe la mabwawa ya tope, na la tatu liwe la Buzwagi, mgodi uliozalisha dhahabu tangu 2009 hadi ulipofungwa 2021 na kuacha shimo ambalo mji utaishi nalo. Baadaye waje wenzao wa maji waeleze bomba linalotoka Ihelele, Ziwa Victoria, lililofikisha maji Kahama na Shinyanga mwaka 2009. Sehemu ya ada ibaki Kahama ilipie uchapaji wa mijadala hiyo, na nakala zipelekwe VETA Shinyanga na kwenye ofisi za madini, mahali ambapo mwenye duara anapofuata leseni anaweza kuondoka na moja.