Mwendo wa Aliye Nyuma



Sisi tukaao Kitale na Bungoma tuna mlima mlangoni. Asubuhi isiyo na mawingu twauona tukienda shambani. Ndugu zetu Wabukusu huuita Masaba. Kwenye ramani ni Elgon, jina litokanalo na Wakony, watu wa jamii ya Wasabaot. Kilele cha Koitobos, upande wetu, kina mita 4,222. Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Tangu mwaka 1968 sehemu ya mlima upande wa Kenya ni hifadhi ya taifa, na wageni huja kuupanda, wengi wakipitia Endebess.

Leo tumfikirie yule anayewaongoza. Porini mna nyati, mna na ndovu, wale waingiao gizani katika pango la Kitum kutafuta chumvi kwa pembe zao (habari hiyo ingestahili asubuhi yake yenyewe). Kwa hiyo wageni hufuatana na askari mwenye bunduki. Lakini iko hatari ambayo bunduki haiiwezi, nayo ni hewa nyepesi.

Kitale iko karibu mita 1,900. Gari zuri hukupandisha kupita mita 3,000 kabla hujatia mguu chini. Mwili haujazoea. Kichwa huuma, chakula hakipiti, mtu hutapika. Wengi hupata nafuu wakipumzika. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au akikosa pumzi hata akiwa ameketi, yampasa kushushwa mara moja, hata kama ni usiku. Akiendelea kupanda aweza kufa. Na vijana wenye nguvu huponzwa upesi, kwa sababu wao ndio waendao mbio.

Tazameni basi taabu ya kiongozi. Wageni wamelipa. Kilele kinaonekana. Wanne ni wazima, wanataka kuendelea. Yule wa tano, kwa haya, anasema, "Sijambo, twendeni." Kiongozi ajua kwamba akiwarudisha pengine atakosa bakshishi, na nyumbani karo inadaiwa. Kiongozi mwema husikia yote hayo, kisha husema, "Tunashuka."

Hata huko Himalaya wanaijua kazi hii. Mwaka 1952 Tenzing Norgay, Msherpa, pamoja na Mswisi Raymond Lambert, waligeuka wakiwa wamebakiza mita zisizofika 300 kufikia kilele cha Everest. Tarehe 29 Mei 1953 Tenzing alisimama juu yake pamoja na Edmund Hillary. Hatusemi kwamba kila ageukaye hupewa mwaka wa pili. Wengi hawakupewa, na bado walifanya vema kugeuka.

Katika Mwanzo sura ya 33 Esau anakuja na watu 400, naye anataka wasafiri pamoja na ndugu yake. Yakobo anakataa kwa upole. Ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, na wakikazwa mwendo siku moja tu kundi litakufa. Atakuja polepole, kwa kadiri ya mwendo wao. Tumezoea kumtaja Yakobo kwa hila zake, na kweli hata safari ile hakufika kule alikosema. Lakini kwa habari ya watoto alinena kama mchungaji.

Vijana wa kwaya, tumesikia kwamba wengine wenu mnataka kupanda mwezi wa Desemba. Nendeni, mkiwa na kiongozi aijuaye njia. Laleni usiku mmoja njiani kabla ya kilele. Mwekeni aliye mzito wa mwendo karibu na kiongozi, mbele ya wote. Jioni mwulizeni kila mtu hali yake akiwa peke yake, maana mbele ya wenzake atasema hajambo. Na yule mpagazi abebaye sufuria zenu, mtazameni miguuni kabla hamjaondoka: je, ana viatu? Na blanketi la usiku, analo?