Bokali safi inaomba maji safi: maneno yetu kwa vijana wa Masisi na Walikale



Leo tunaongea juu ya bokali, zile chupa za mdomo mpana zenye zilikuwa na konfitiri, mayoneze ao kahawa, na watu wanazitupa. Tunajua wengine watacheka: inchi iko namna hii, na nyinyi munaongea bokali? Ndiyo. Mutusikilize kwanza.

Kununua kwa kujaza si kitu kigeni kwetu. Huko Ulaya leo wanafungua maduka ya kujaza na kuyasifu sana. Hapa kwetu, mama wa soko anapima mawese kwa chupa tangu zamani. Asali ya pori la Walikale inauzwa ndani ya chupa za bia. Maziwa ya Masisi yanashuka ndani ya bidoni. Na mambo ya vidanje, kila mutu anayajua: ukienda kununua bia bila chupa tupu, unalipa na chupa.

Sasa, Februari 2025, kambi za wakimbizi pembeni ya Goma zilivunjwa. Jamaa nyingi zilipanda tena kwenda Masisi na bidoni moja na shuka mgongoni. Mama mwenye anataka kuanza tena butike yake ndogo, ya chumvi, sukari na mawese, anahitaji vyombo. Akinunua chupa kwa mutu wa chupa, faida yake ya kwanza imekwisha. Akiweka ndani ya sashe, plastiki inajaa mitaroni, na serkali iliikataza kwa dekre ya tarehe 30 Desemba 2017, hata kama kila siku tunaiona sokoni. Ndio maana tunaomba bokali kwenu, tunaziosha, tunamupelekea mama yule.

Lakini bokali chafu ni mbaya kuliko kukosa bokali. Kwa hiyo musikie vizuri namna ya kazi.

Kwanza, kuchagua. Pitisha kidole polepole kwa mdomo wa chupa. Kama imekatika hata kidogo, weka pembeni. Chupa yenye ilikuwa na petroli ao dawa ya mashamba haiingie hata siku moja kwa kazi ya chakula, hata uioshe mara kumi. Kama haujui ilikuwa na nini, usiichukue. Watoto wetu hawasome etiketi.

Pili, kuosha. Loweka kwa maji ya moto kidogo na sabuni, toa karatasi na gundi, sugua ndani na chini, suuza. Kisha panga bokali ndani ya sufuria na kitambaa chini, maji yafunike zote, na uanze na maji baridi, sababu kiyoo baridi kikiingia ndani ya maji ya moto kinapasuka. Pale Goma tuko karibu na metre 1500 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digri 95 hivi. Milima ya Masisi iko juu zaidi. Basi dakika kumi za vitabu vya watu wa pwani hazitoshi kwetu: acha dakika 15 Goma, na 20 huko milimani.

Tatu, kukausha. Geuza mdomo chini juu ya kitambaa safi, usipanguse ndani. Kwa asali hii ni lazima: maji kidogo yakibaki, asali inachacha, na jasho lote la mutu wa Walikale limepotea. Kifuniko chenye kutu, ao chenye kunuka pilipili, kitupe, tafuta kingine.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Kazi hii yote inakula maji. Bokali ishirini zinaomaliza bidoni nzima na zaidi. Na maji tunayatoa wapi? Kuna watoto wanashuka ziwani na bidoni ya litre 20, na kama kuna mutu wa klore pale pembeni na bomba lake la sindano, wana bahati. Ziwa hili na kolera wanajuana: Julai 1994 kolera iliua watu kwa maelfu mengi hapa Goma. Ukisuuza bokali kwa maji ya namna ile nyuma ya kuzichemsha, unaweza kuweka ugonjwa ndani ya sukari ya mama yule. Na kuchemsha kunaomba makala, na makala ina bei.

Walikale tuliona ndege zikitua juu ya barabara pale Kilambo kubeba kasiterite. Njia ya kutoa mali ilipatikana. Njia ya kuleta bomba la maji mpaka leo tunaingoja. Hiyo ndiyo sababu mambo ya bokali ni mambo ya raia. Tunaosha, sawa, ni kazi yetu na tutaifanya. Lakini maji ni deni la wenye kutawala, wawe nani wawe, na deni hilo hatulisamehe juu ya kuwa tumejifunza kuosha vizuri.

Tunaomba vitu vitatu. Kila nyumba itoe bokali tano na vifuniko vyake. Kila kikundi cha mtaa kitafute sufuria moja kubwa na mutu wa kusimamia dakika. Na kila mwenye kuuza aweke vidanje kwa bokali kama kwa bia: ukirudisha, unapata feza yako, usiporudisha, mama hapati hasara.

Mukileta bokali, mulete pia jina la robine yenye imekauka kwenu na tangu lini. Tutaandika yote mawili ndani ya daftari moja, na daftari lile tutalipeleka kwa wenye kuhusika.