Kabla Ramani Haijachorwa: Barabara ya Mji ni ya Nani?

(Mada kwa wakazi, wachuuzi na wahudumu wa matatu, Mombasa)



Nimeombwa nizungumze juu ya ushirikishaji wa umma wakati barabara ya mji inapotaka kubadilishwa ili usafiri wa abiria uende vizuri. Nitasema kwa Kiswahili cha kawaida, maana sehemu kubwa ya shida yetu iko hapo. Mambo ya barabara huletwa kwa lugha ya wahandisi, na mwananchi hutoka kikaoni vile vile alivyoingia, isipokuwa ameacha sahihi yake kwenye karatasi ya mahudhurio. Kesho yake ile karatasi inaitwa maoni ya wananchi.

Jambo langu leo ni moja. Maoni yana maana yakichukuliwa mapema, kabla ramani haijakamilika. Yana maana yakichukuliwa barabarani penyewe, kwa watu wanaoitumia. Na yana maana yakirudishiwa jibu. Likikosekana moja katika hayo matatu, hapo watu wamehesabiwa tu, hawajasikilizwa.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinaweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za barabarani, magari na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na feri pia. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali popote pa umma na kutumia usafiri wa umma. Kwa hivyo mteremko wa kiti cha magurudumu pale kwenye ukingo wa barabara ni haki, hatuombi msaada.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba kaunti inapaswa kuwafuata watu pale wanapokutana: misikitini, makanisani, mahekaluni, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha zao. Tangazo moja gazetini halitoshi. Halafu mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, ikasema ushirikishaji lazima uwe wa kweli na usiwe wa kutimiza desturi. Mwananchi aelezwe jambo lenyewe kwanza, alielewe, ndipo aulizwe.

Sasa tutoke mahakamani tuende barabarani. Nitachukua Digo Road kama mfano, kwa sababu hapana mtu hapa asiyeijua. Tuseme kesho mtu aje na pendekezo: njia moja itengwe kwa matatu na mabasi, kando za watu wa miguu zipanuliwe, maegesho yapunguzwe, steji zihamishwe. Linaweza kuwa pendekezo zuri. Matatu moja hubeba abiria 14. Zikipita 10 zimejaa, wamepita watu 140. Hao 140 wakiwa kila mmoja na gari lake, ni magari 140 yanayotafuta nafasi ya kupita na nafasi ya kuegeshwa. Kisiwa chetu hakiongezeki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wao hawana gari. Ukiipa matatu na mtu wa miguu nafasi zaidi, umewapa walio wengi.

Lakini pendekezo zuri huharibika kwa kutouliza. Nani yuko Digo Road? Saa 11 alfajiri yuko hamali na mkokoteni anaingiza mzigo Marikiti. Saa 1 asubuhi kuna wanafunzi na wafanyakazi waliovuka Feri. Saa 4 yuko mwenye duka anayengoja mteja aegeshe gari mlangoni. Saa 7 mchana watu wanatoka kuswali, barabara nzima ni ya miguu. Saa 12 jioni, pale Posta, abiria wa Feri wamejaa mpaka kwenye lami wakigombea matatu. Saa 2 usiku yuko mama karai anayemalizia viazi vyake, na msichana anayengoja usafiri mahali ambapo taa haiwaki. Hizo ni barabara sita ndani ya barabara moja.

Sasa fikirieni kikao kimeitwa Jumanne saa 4 asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli. Ni nani katika hao sita anayeweza kufika? Hamali amelala, amekesha na mzigo. Dereva yuko safari ya nne. Mama karai anamenya viazi. Msichana yuko kazini. Atafika mwenye duka, na labda mwenyekiti wa chama fulani, na vijana walioambiwa kuna nauli na chakula. Barabara itachorwa kwa macho ya waliofika. Sisemi mwenye duka hana haki. Ana haki yake, lakini ni mmoja kati ya sita.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kudai ni saa na mahali. Watu wa mipango waje steji alfajiri na jioni. Waje Marikiti mzigo unaposhuka. Wakae na wanawake peke yao, kwa sababu mambo ya kushikwashikwa kwenye steji hayasemwi mbele ya makanga. Watembee na mtu asiyeona na mtu wa kiti cha magurudumu kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho, waone wanakwama wapi. Na ile ramani ibandikwe ukutani pale pale, kubwa, kwa Kiswahili, mtu aweke kidole aseme, mimi nauza hapa. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba, Kifungu cha 7. Hapana sababu karatasi za barabara yetu zije kwa Kiingereza pekee.

Mtu atauliza, mwananchi wa kawaida anajua nini juu ya uhandisi? Anajua maji yanapita wapi. Tazameni ndugu zetu wa Dar es Salaam. Mwaka 2016 walianza mabasi ya mwendokasi, kama kilomita 21 kwa awamu ya kwanza, kupitia Morogoro Road, yana njia yake peke yake. Ni kazi kubwa, na abiria wengi walifurahi. Lakini karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa iliponyesha, mto ulifurika, karakana ikaingia maji, na barabara pale ikafungwa. Hakuna mzee wa bonde lile asiyejua maji ya Msimbazi hufika wapi. Na sisi hapa kila mmoja anajua ni kona gani hugeuka ziwa mvua ya masika ikishuka. Njia ya basi ikipitishwa hapo bila mtaro, tumejenga hasara.

Mwananchi anajua pia watu wanavukia wapi. Thika Road ilizinduliwa 2012, barabara pana ya kujivunia. Lakini watu waliendelea kuvuka kwa miguu katikati ya magari ya kasi, na wengine walipoteza maisha, kwa sababu daraja la kuvukia lilikuwa mbali na pale mtu anaposhuka. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni hatatembea nusu kilomita kwenda na nusu kilomita kurudi. Atavuka alipo. Mchoraji anayetaka kujua kivuko kikae wapi asimame siku moja atazame watu wanavuka wapi, basi.

Ndugu zetu wa matatu, nanyi nawasemesha. Dar es Salaam mabasi makubwa yalipoanza, daladala zilizokuwa zikifuata ile njia ziliondolewa zikapelekwa njia nyingine. Nyinyi mkisikia habari ya mabasi makubwa msikimbilie mgomo, na msikae kimya. Ulizeni mapema: matatu zetu zitalisha hiyo njia kutoka mitaani? Chama chetu kitaweza kununua hisa? Makanga na dereva watachukuliwa kazi kwa masharti gani? Swali likiulizwa ramani bado ni penseli, linajibika. Likiulizwa tingatinga limeshafika, litajibiwa na polisi.

Sasa, namna ya kutoa maoni. Kusema “barabara ni mbaya, serikali itusaidie” ni kulalamika, na malalamiko ya namna hiyo hayawezi kuingia kwenye mchoro. Maoni mazuri yana mambo manne: mahali, saa, nani anaumia, na unataka nini. Kwa mfano: “Mbele ya Posta, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku, abiria wa Feri husimama kwenye lami kwa sababu kando ya barabara imejaa bidhaa. Wazee na watoto ndio wanaosukumwa. Twataka steji ipewe kibanda na foleni, na wachuuzi wapimiwe nafasi nyuma ya foleni, wasifukuzwe.” Hayo mhandisi hawezi kusema hakuyaelewa.

Na hesabuni. Vijana wawili, kalamu na daftari, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Wahesabu watu wa miguu, matatu, tuktuk, boda, mikokoteni, magari ya kibinafsi. Wafanye siku tatu. Mkifika kikaoni na daftari lile, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu mara nyingi wao wamehesabu magari na hawakuhesabu watu.

Kuna jambo lingine, tusemezane ukweli. Sisi wenyewe hatukubaliani. Mwenye duka ataka maegesho. Mchuuzi ataka kando ile ile ambayo mwenye kiti cha magurudumu ataka iwe wazi. Dereva ataka asimame popote, abiria ataka asimame mahali pamoja panapojulikana. Tusijifanye kwamba “jamii” ni mtu mmoja. Tukiyaficha haya, atatokea kiongozi mmoja aseme kwa niaba yetu sote, na tutajua alichosema siku ya kuvunjiwa vibanda. Ni afadhali tugombane hapa barazani, tuandike tumekubaliana nini na tumetofautiana wapi, tukapeleke vyote viwili. Na anayepoteza kitu, apate cha badala. Mchuuzi akihamishwa, aambiwe anakwenda wapi, kwa muda gani, na atarudi lini, kwa maandishi, kabla kazi haijaanza. Kwa mama karai mwezi mmoja bila mahali pa kuuzia ni karo ya shule iliyokosekana.

Mwisho ni jibu. Hapa ndipo tunapoachwa kila mara. Maoni yanachukuliwa, watu wanaagana, kisha kimya. Dai lenu liwe hili: ile ofisi itoe orodha, kila pendekezo lililotolewa, limekubaliwa au limekataliwa, na sababu yake. Kukataliwa kwa sababu inayoeleweka si dhuluma. Kutojibiwa ni dhuluma.

Na njia ipo. Kwanza ulizeni barabara ni ya nani, kwa sababu nyingine ni za kaunti na nyingine ziko chini ya KURA au KeNHA, na ukikosea mlango utazungushwa mwaka mzima. Pili, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria yenyewe inaruhusu ombi kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa amsaidie ombi liandikwe. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, isipokuwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman. Pelekeni barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Karatasi isiyo na muhuri huwa haikufika.

Msingojee mradi utangazwe. Wiki hii chagueni barabara moja mnayopita kila siku. Watu watano tu: mmoja wa steji, mmoja wa sokoni, mwanamke anayetembea jioni, mwanafunzi, na mtu mwenye ulemavu. Pitieni pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mmoja aseme anakwama wapi, na mmoja aandike. Daftari hilo likae tayari. Siku ya kuitwa kikao, hata kikiitwa Jumanne saa 4 hotelini, mtu mmoja tu akiingia nalo, mmeingia nyote.

Sasa ni zamu yenu, na tuanze na waliokaa nyuma.