Kabla Hujamchukua Mtoto wa Mbwa

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Manispaa kwa wakazi wa Kata ya Mwembesongo)



Nazungumzia jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la watoto: kuokota mtoto wa mbwa na kumlea nyumbani. Wenye huruma hiyo nawapongeza. Mtoto wa mbwa aliyetupwa jalalani ni kiumbe hai, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi yake. Lakini huruma isiyo na matunzo haimwokoi. Baada ya miezi michache humrudisha mtaani akiwa mkubwa, mwenye njaa na aliyekwisha kuwazoea watu.

La kwanza kulitazama ni ukubwa wake. Wapo mbwa chotara, waliozaliwa na mbwa wa kienyeji na mbwa wakubwa wa kigeni wanaofugwa kwa ulinzi. Akiwa na wiki nane, chotara hubebwa kwa mkono mmoja. Akitimiza mwaka, anaweza kumwangusha mtoto wa shule kwa kumrukia kwa furaha tu. Basi jiulizeni mapema: uzio upo? Chakula cha kila siku kitapatikana? Nani atabaki naye tukisafiri? Ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama, pamoja na maji safi, utamsaidia; lakini mifupa iliyopikwa msimpe, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kumjeruhi koo na utumbo.

La pili ni malezi. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa azoeshwe mapema kuitwa, kufungwa kamba na kukutana na watu kwa utulivu. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kuchokozwa kwa fimbo huwa hatari hata kwa wenye nyumba. Watoto nao wafundishwe kutomsumbua anapokula au kulala. Tukumbuke pia kwamba tunaishi jirani kwa jirani, na wapo ambao kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi. Kumzuia mbwa wako asiingie ua wa mwenzako ni sehemu ya ujirani mwema.

La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kwenye kifo. Duniani, karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na watu 40 kati ya kila 100 wanaokufa ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Wapo wanaosema mtoto wa mbwa hapati kichaa. Hilo si kweli. Mbwa aliyeambukizwa, awe mdogo au mkubwa, anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akionekana mzima. Kwa hiyo siku za kwanza asiachwe kuwalamba watoto vidonda wala kuwang'ata kwa mchezo, na aonwe na Ofisa Mifugo mapema kwa ajili ya chanjo, dawa ya minyoo na ya kupe. Kampeni ya chanjo inapofika mtaani, asiachwe nyumbani kwa kisingizio kwamba bado mdogo.

Kwamba ugonjwa huu unashindika, wenzetu wa Pemba wamethibitisha. Kwa kuchanja mbwa, kisiwa hicho kiliutokomeza mwaka 2014. Mwaka 2016 ulirudi baada ya virusi kuingizwa kutoka nje ya kisiwa, ukatokomezwa tena mwaka 2018. Somo hilo linatuhusu, kwani Morogoro ni njia panda: hapo Msamvu barabara za Dodoma na Iringa hukutana, na mbwa huweza kuletwa kutoka popote. Wataalamu wanahimiza kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako akichanjwa, unamkinga pia mtoto wa jirani.

Mtu akiumwa au kuparurwa na mbwa, hata mdogo, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na kumaliza dozi zote atakazoandikiwa. Asipake majivu wala kusubiri dalili. Mbwa mwenyewe msikimbilie kumwua. Ikiwezekana afungiwe kwa usalama, na Ofisa Mifugo wa Kata aarifiwe ili amchunguze kwa siku 10.

Ndugu wananchi, mji wetu una bahati. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha madaktari wa wanyama hapa hapa Morogoro, na kina hospitali ya wanyama. Mkihitaji ushauri kuhusu chanjo au kuhasi, anzeni na Ofisa Mifugo, na kadi ya chanjo itunzeni kama mnavyotunza kadi za kliniki za watoto. Asiyeweza kumtunza mbwa asimchukue, na aliyekwisha kumchukua asimtupe.