Twiga wa Chuma Aliyekataliwa Dukani

Akina mama, wazee na vijana wa vikundi, leo tumekuja na twiga huyu mdogo. Shingo yake ni cheni ya baiskeli, kichwa ni plagi ya gari, miguu ni misumari. Vijana wetu hapa Kayole wamemtengeneza kwa skrapu, na duka la mjini limemkataa. Hebu mshikeni. Anaacha mafuta mkononi, sivyo? Na mguu mmoja umeachia.

Wengi wetu hufikiri fundi ni yule anayejua kuchomelea. Lakini nusu ya kazi ni kuosha. Cheni kuukuu ina grisi ndani ya viungo. Ikipelekwa kwa moto hivyo hivyo, inatoa moshi, na chuma hakishikani. Ndani kunabaki vitundu kama vya maandazi. Basi tuiloweke usiku kucha kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko na watoto. Asubuhi tuisugue kwa brashi ya waya, tuioshe kwa maji moto na sabuni, tuianike mpaka ikauke kabisa. Vipande vyenye rangi ya zamani tuviache kando, tusivikwaruze wala kuvichoma, kwani rangi nyingine zina sumu.

Kisha tusikimbilie moto. Tupange vipande mezani, tuvifunge kwa waya mwembamba, tumsimamishe mnyama. Akiyumba, ni rahisi kumrekebisha sasa. Mwishoni tupitishe tupa kwenye ncha kali, mnunuzi asijikate.

Bolti zilizopakwa zinki nazo zisichomelewe. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku. Vijana hutuambia wao hunywa maziwa. Maziwa ni mazuri, lakini moshi huo hayauzuii.

Sasa lile lililotuleta hasa. Juzi tulimkuta kijana akiyeyusha sahani za betri ya gari ndani ya sufuria ya nyumbani, apate kumimina visanamu. Hatumlaumu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la makaa latosha, wala hahitaji mashine ya kuchomelea. Lakini vumbi lake hukaa sakafuni, na mtoto anayetambaa hulila. Huenda asionekane mgonjwa, kumbe ubongo unaharibika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa karibu na nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo, na mtoto wake mwenyewe akapatikana na sumu ya risasi. Mama huyo alipigania mtaa mzima, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Hapo ni kiwanda, mtasema. Lakini sisi tunaweka kiwanda chetu jikoni.

Tulizungumza na kijana yule pamoja na mama yake. Sufuria haitapikiwa tena. Mdogo wake wa miaka miwili amepelekwa kupimwa damu, majibu bado. Na twiga huyu tutamrudisha kwa wenyewe Jumamosi, pamoja na brashi mbili za waya.