Maumivu ni Mjumbe

Wasikilizaji wetu, sote tukaao Kigoma na Ujiji twajua jinsi wadudu wanavyoifuata taa usiku. Basi twataka kuwasimulia kisa cha mdudu mmoja katika ziwa letu, ili tufahamu maumivu ni nini, nayo hutibiwa namna gani.

Mwezi wa Machi mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alitoka Ujiji kwa mtumbwi, akavuka Ziwa Tanganyika kutafuta jahazi. Usiku mmoja, kisiwani, dhoruba iliipiga hema yake. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake, na mara mbawakawa weusi wakajaa hemani. Akachoka kuwafukuza, akalala. Mmoja akamwingia sikioni, akaanza kuchimba. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, isifae kitu. Kwa uchungu akatwaa kisu kidogo, akamchoma mdudu mle mle sikioni. Mdudu alikufa, lakini sikio likajeruhiwa na kutunga usaha. Uso ukaenda upande, siku kadhaa asiweze kutafuna, na kwa miezi mingi hakusikia vizuri. Vipande vya mdudu vilitoka baada ya miezi sita au saba.

Je, uchungu ule ulimfikiaje? Mwilini mwetu mna nyuzi nyembamba ziitwazo mishipa ya fahamu. Mahali pakikatwa au pakiungua, nyuzi hizo hupeleka habari mpaka ubongoni, nyingi zikipitia uti wa mgongo. Ubongo ndio utambuao kwamba twaumwa. Nyuzi nyingine zina mbio, nyingine huenda polepole. Ndiyo sababu mvuvi achomwapo na mwiba wa samaki husikia kwanza mchomo mkali, kisha maumivu ya kudumu.

Maumivu hutuudhi, walakini hutulinda. Mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake imeharibika aweza kushika chungu cha moto, akaungua asijue.

Dawa za maumivu hufanya kazi kwa njia mbalimbali. Aspirini hupunguza kemikali ziamshazo mishipa mahali palipoumia. Lakini mtoto asipewe bila shauri la daktari. Sindano ya ganzi, kama ile ya kung'olea jino, huizuia habari njiani. Mofini hutuliza maumivu makali katika uti wa mgongo na ubongo. Lakini dawa hizi zote hazimtoi mdudu sikioni, wala haziondoi usaha. Hunyamazisha mjumbe tu. Aliyemtuma yungali ndani.

Kwa hiyo, wazazi na wanafunzi, mdudu akimwingia mtu sikioni, msichokore kwa kijiti, wala kwa sindano, wala kwa kisu. Mpelekeni mgonjwa hospitali upesi. Huko mganga humwua mdudu kwanza, kisha humtoa kwa vyombo vyake. Na maumivu yoyote yasiyokoma, tusiyafunike kwa vidonge siku baada ya siku, bali twende tukapimwe, ijulikane yametoka wapi.