Mawe Yaliyotoka Mtoni

Maneno yaliyosemwa na Mwalimu wa Dini katika ibada ya shukrani kwa ajili ya vijana wamalizao Kidato cha Nne, mwaka wa Jubilei ya Dayosisi.



Nimeagizwa niseme maneno machache siku ya leo, na sababu ya kuagizwa mimi naijua. Vijana hawa wamekuwa wakija kwangu kila Ijumaa kwa kipindi cha dini tangu walipoingia Kidato cha Kwanza, nami nimewaona wakirefuka, hata sasa yanibidi niinue kichwa nikitaka kuwakemea. Dayosisi yetu yafanya Jubilei, nao wamefika mwisho wa shule. Mambo haya mawili yafanana, kwa kuwa katika yote mawili watu hugeuka na kuitazama njia waliyoipita. Basi nataka tuulizane neno moja tu: mtu akigeuka kutazama nyuma, yampasa atazame nini?

Mwaikumbuka habari ya Yoshua tuliyoisoma pamoja. Waisraeli walipokwisha kuvuka mto wa Yordani, watu kumi na wawili waliamriwa kutwaa mawe mtoni, kila mtu jiwe lake begani, nayo yakasimamishwa Gilgali, ili watoto watakaozaliwa baadaye wakiuliza maana yake waambiwe. Angalieni sana. Mawe yale hayakuokotwa ukingoni, penye urahisi. Yalitwaliwa katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama. Tena hapana kabila lililokosa jiwe lake, dogo wala kubwa. Nami naona kwamba kumbukumbu iliyo njema ndivyo ilivyo: hutoka mahali palipokuwa pagumu, ina uzito wake, wala haimwachi mtu nje.

Wazee wetu katika imani walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watano hao ndio mwanzo wa shule, ambayo baadaye ilikaa Kiungani, nje kidogo ya mji, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wasichana nao walipata shule yao Mbweni. Wakati ule soko la watumwa lilikuwa bado wazi pale Mkunazini, wala halikufungwa hata mwaka 1873. Yaani mtoto wa Kiungani aliweza kuwa anasoma herufi zake, na kule mjini watoto wenziwe wakawa wanauzwa.

Na watoto wale waliulizwa habari zao, wakaziandika kwa Kiswahili kwa mikono yao wenyewe. Mwalimu wao, Bwana Madan, yeye yule aliyetunga kamusi, akazifasiri kwa Kiingereza, zikapigwa chapa London mwaka 1887, katika kitabu kiitwacho kwa jina la shule yao, Kiungani. Ndani yake mtoto aeleza kwao palikuwa wapi, alivyotekwa, na njia aliyopitishwa hata akafika pwani. Wangaliweza kuanza habari zao siku ile walipovikwa nguo safi na kupewa vitabu, wakasema, Tumshukuru Mungu, tumesoma. Hawakufanya hivyo. Walianza nyumbani, wakapita katikati ya mto, ndipo wakaeleza walivyovuka.

Vijana wangu, silinganishi taabu zenu na zao. Ninyi mmezaliwa watu huru, na mama zenu wako hapa leo wamevaa nguo zao nzuri kwa ajili yenu. Lakini nawaambia, fanyeni kama walivyofanya wale. Jioni ya leo mtaketi pamoja na kusimuliana mambo ya shule, nayo ni haki yenu. Mtakumbuka siku ya kwanza mlipokuja na ndoo, fagio la chelewa na jembe jipya, kila mmoja amevaa sketi au suruali iliyoshonwa kubwa ili imfae miaka minne. Mtacheka habari ya uji ulioungua, na habari ya yule aliyelala katika somo la hesabu hata akaanguka na kiti chake. Chekeni, wala msione haya.

Mkiisha kucheka, kumbukeni na mengine. Kumbukeni mama mpishi aliyeuwasha moto wa uji ule kabla ninyi hamjaamka, naye hakusoma hata Kidato cha Kwanza. Kumbukeni wale waliotoka ng'ambo ya bonde, walioondoka kwao alfajiri, na wakati wa masika walivuka mto wamejitwika madaftari kichwani. Kumbukeni mwalimu wa sayansi aliyefundisha madarasa mawili kwa kuwa mwenziwe alihamishwa na hakuletwa mwingine. Hayo ndiyo mawe ya katikati.

Lakini liko jiwe moja zito kuliko yote, nalo ndilo lililonisimamisha hapa. Majina yenu yaliitwa siku ya kwanza katika daftari la mahudhurio. Leo nimeyaita tena mlipokuwa mkiingia kanisani, na yako majina ambayo hayakuitikiwa. Ninyi mwayajua kuliko mimi. Yuko aliyekwenda kuchunga ng'ombe za watu. Yuko aliyekwenda mjini kuchuuza, akasema atarudi muhula ujao. Wako na wasichana waliopata mimba, wakaona haya, wakajificha.

Yamkini mtu atasema: Hao walijitakia, maana elimu sasa ni bure. Ni kweli kwamba tulipata neema mwaka 2016, Serikali ilipoondoa ada katika shule zake za sekondari hata Kidato cha Nne. Twaishukuru. Lakini ada ikiondolewa, njaa haiondoki, wala umbali wa njia haupungui, wala sare na viatu havijinunui. Tena mwaka 2021 Serikali ilitoa ruhusa kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba aweza kurudi kusoma baada ya kujifungua. Basi mlango wa shule u wazi. Je, mlango wetu sisi? Msichana yule akipita sokoni na mtoto mgongoni, twamwita kwa jina lake, au twanong'onezana? Akija kanisani, twampisha nafasi katika benchi, au twamwacha asimame karibu na mlango? Naogopa ya kuwa wengi hawakuzuiwa na sheria. Walizuiwa na macho yetu.

Nawapeni mfano wa mtu aliyeelewa neno hili. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, aliyefikishwa Unguja utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasoma Kiungani. Angaliweza kukaa Unguja, mahali penye vitabu na bahari na watu waliomheshimu. Badala yake alikwenda bara, katika Wayao wenziwe, akafanya kazi Chitangali, upande wa Masasi. Na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misioni ile kuupata. Elimu aliyoipata aliirudisha kwa wale ambao hawakuletwa shuleni. Na chuo chenyewe cha Kiungani kilihamishwa mwaka 1925, kikapelekwa Minaki, karibu na Kisarawe. Majengo huachwa, lakini kazi ya mtu kama Majaliwa haikuachwa Unguja; ilikwenda kwa miguu yake.

Basi neno langu kwenu ni hili, nalo si gumu. Kabla matokeo ya mtihani hayajatoka, kila mmoja wenu achague jina moja katika yale yasiyoitikiwa. Aende nyumbani kwake. Asiende kumhubiri, wala kumwonyesha cheti. Aketi naye, ashike mtoto wake ikiwa ana mtoto, amsalimu mama yake, na amwambie: Tulikukumbuka kanisani. Daftari zangu hizi hapa, nimekuletea. Mwakani ukitaka kurudi shuleni, nitafuatana nawe hata kwa Mkuu wa Shule. Maneno hayo yatamfaa kuliko hotuba yangu hii.

Nanyi Walimu, nawasihi msiyafute majina yale katika mioyo yenu, hata kama yamefutwa katika daftari. Mwalimu Mkuu apokeaye mtoto aliyerudi afanya kazi ya Kanisa, ajue au asijue. Nanyi Wazazi na Wazee wa Kanisa, tunapohesabu katika Jubilei hii makanisa tuliyojenga na mabati tuliyoezeka, tuhesabu pia ni wangapi tuliowarudisha njiani. Wahenga walisema, Mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja haumrudishi.

Vijana, mmevuka. Twamshukuru Mungu kwa ajili yenu, nasi twafurahi kwa furaha ya kweli. Chukueni kila mtu jiwe lake. Na watoto wenu watakapouliza siku moja, Mlisoma na nani?, msiwatajie wale tu walio katika picha ya leo.

Mungu Baba awalinde, Mwana awaongoze, na Roho Mtakatifu awape nguvu katika mtihani wenu, na baada ya mtihani. Amina.